Bunduki ya marehemu baba, gobore la jikoni na nguruwe wa shambani

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima wa Nachingwea, mkoani Lindi. Baba alifariki mwanzoni mwa mwaka. Ameacha shotigani ya mitutu miwili yenye kitabu chake cha leseni, na gobore la zamani lisilo na karatasi yoyote, limelazwa juu ya uchaga jikoni. Kuna na kopo lenye risasi saba. Nguruwe wanatumalizia mahindi na mihogo, tembo wamepita mara mbili, na msimu wa korosho watu wanavamiwa majumbani. Mimi ndiye mtoto mkubwa. Je, naweza kurithi silaha hizi? Na kwa nini Serikali isilegeze masharti, kila mwenye shamba awe na bunduki yake kama Wamarekani?

Jibu: Marahaba ndugu yangu, na poleni sana kwa msiba.

Kwa leo usiguse silaha yoyote kati ya hizo. Usiende nayo shambani usiku, usimwazime shemeji, wala usiibebe mwenyewe kwenye bodaboda kuipeleka kituoni. Nyumba, shamba na mikorosho ya baba vinarithiwa, lakini leseni ya bunduki hairithiwi. Ilitolewa kwa jina la mtu mmoja, baada ya kuchunguzwa yeye tabia zake na akili zake, na alipofariki ikafa naye. Bunduki yenyewe inabaki ndani ya mirathi kwa maana ya thamani yake. Warithi wanaweza kuiuza kwa utaratibu, au mmoja wenu akaiombea leseni upya. Ila mpaka hapo hakuna hata mmoja ndani ya nyumba hiyo mwenye ruhusa ya kukaa nayo, awe mtoto wa kwanza au wa mwisho.

Haya yanatoka kwenye Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya 1991. Tena kukutwa na silaha bila leseni kunaweza kushtakiwa kama uhujumu uchumi, na huko kifungo ni kati ya miaka 20 na 30. Kusema "ni la babu" hakuondoi kosa. Na ninyi mko kusini: tangu kijiji cha Kitaya, Mtwara, kilipovamiwa na wapiganaji kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma mwezi Oktoba 2020, mtu akikamatwa njiani na mtutu usio na karatasi haulizwi kwanza habari za nguruwe.

Gobore ndilo linalonitia hofu kuliko shotigani, kwa hiyo nianze nalo.

Magobore ya kwenu yana asili mbili. Yapo ya kale, yaliyoingia kwa biashara ya pwani kupitia Kilwa Kivinje karne ya 19. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa za Ulaya zisiingizwe Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 22 kusini, ila ukaacha mwanya kwa bunduki za gumegume zinazoshindiliwa baruti ya kawaida mdomoni. Ndiyo maana vita vya Majimaji vilipolipuka milima ya Matumbi mwaka 1905, wapiganaji wengi walikuwa na magobore na mikuki mbele ya bunduki za rashasha za Wajerumani. Aina ya pili ni yale ya mafundi wa vijijini, ambayo mtutu wake ni bomba la maji au fimbo ya usukani wa gari. Familia nyingi hulitunza gobore kama kumbukumbu ya mzee aliyekuwa mwindaji, na hilo naliheshimu. Lakini kwa sheria ni silaha kamili, sawa na shotigani, na kwa usalama ni baya zaidi.

Ubaya wa kwanza ni kwamba gobore hushindiliwa kwa mdomo, hivyo kwa kulitazama nje huwezi kujua kama lina kitu ndani. Wenye nalo wengi hulitundika likiwa tayari, ili nguruwe akija wasianze kuhangaika gizani. Baruti nyeusi haiozi kama mahindi. Ikikaa pakavu hata miaka mingi bado inawaka, na juu ya uchaga wa jikoni ndipo pakavu kuliko pote, tena pana cheche. Ubaya wa pili ni mtutu. Bomba la maji limetengenezwa kuhimili msukumo wa maji ya mjini, na baruti inapowaka msukumo wake ni zaidi ya mara mia ya huo. Bomba likiwa na mshono wa kuchomelea, hapo ndipo linapopasuka, na linapasuka upande wa uso na mkono wa kushoto wa mpigaji. Ubaya wa tatu ni masizi ya baruti: yanavuta unyevu na kula chuma kwa ndani, kwa hiyo gobore lililopiga salama wakati wa ujana wa mzee si lile lile leo.

Kuna na kosa la kushindilia mara mbili. Mzee alishindilia, akasahau, mjukuu akaongeza. Au fataki inalia, baruti haiwaki papo hapo, mtu anageuza mtutu achungulie kuna nini, na sekunde chache baadaye linalipuka. Kwa sababu hizo usilijaribu kwa kufyatua, usiingize chuma mdomoni kupima kina, usiligonge wala kulipangusa, na usimwite fundi alifungue. Hamisha mapishi kwenda mahali pengine, fungia jiko, waeleze watoto wazi kwamba humo hapaingiwi, na asipite mtu upande ambao mtutu umeelekea. Ukuta wa udongo usiutegemee.

Kisha nenda kwa mtendaji wa kijiji mikono mitupu. Peleka barua ya nusu ukurasa: jina la marehemu na tarehe aliyofariki, wewe ni nani kwake, silaha zipi zimekutwa, ziko sehemu gani ya nyumba, kwamba haziguswi, na kwamba familia inaomba polisi waje kuzichukua. Mtendaji agonge muhuri nakala yako. Muhuri huo wenye tarehe ndio utakaoonyesha kwamba mlijitokeza wenyewe kabla ya kutafutwa. Kutoka hapo mwende naye kituo cha polisi, mpate namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye daftari la polisi, na muombe askari wafike nyumbani. Wakisema mlete wenyewe, ombeni kwa adabu maelekezo hayo yaandikwe, au askari mmoja aongozane nanyi. Silaha ikishachukuliwa, dai hati ya makabidhiano yenye aina ya silaha, namba yake kama ipo, hali yake, idadi ya risasi, jina na namba ya askari aliyepokea, tarehe na muhuri. Bila hati hiyo, miaka mitatu mbele mtu anaweza kuuliza bunduki ya marehemu iko wapi na msiwe na jibu.

Utasikia habari za msamaha. Ni kweli, Serikali ilitoa kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa kwa miezi miwili mwaka 2022, ikarudia mwaka 2023. Umoja wa Afrika nao umeutenga mwezi Septemba kila mwaka kuwa wa msamaha wa aina hiyo. Kama tangazo liko wazi wakati unasoma hapa, litumie mara moja. Kama halipo, usilisubiri huku gobore liko juu ya moto. Pitia njia ya mtendaji niliyoeleza, na ukiweza mchukue wakili au msaidizi wa kisheria wa wilayani, ambaye huduma yake chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ni bure kwa asiye na uwezo. Nje ya kipindi cha msamaha hakuna anayeweza kukuahidi kinga. Lakini kati ya mtu aliyekuja na barua na mtu aliyekutwa na msako, mwendesha mashtaka anaona tofauti.

Sasa shotigani. Hii ina kitabu, kwa hiyo njia yake imenyooka, ingawa ni ndefu. Iondoke nyumbani siku hiyo hiyo pamoja na gobore, ikae ghala la silaha la polisi wakati mirathi ikiendelea. Siku ya kuikabidhi linganisha namba iliyogongwa kwenye chuma na namba iliyo kitabuni, mbele ya askari. Bunduki za zamani huwa zimebadilishwa mitutu, namba ya kwenye mtutu ikawa tofauti na ya kwenye mwili. Likionekana siku ya kwanza linaandikwa na linaisha. Likija kuonekana siku ya maombi, faili linalala. Mwombe mtunza ghala aipake mafuta, maana chuma kikikaa mwaka mzima bila mafuta kwenye joto la pwani na unyevu wa masika hata leseni ikitoka utapewa kutu.

Upande wa mirathi andaeni cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, na barua ya uteuzi wa msimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo. Kikao kiandike wazi ni nani anayeombewa bunduki. Wakiomba wawili, hatapata hata mmoja.

Maombi yenyewe huanzia serikali ya kijiji, yanapita kata, yanafika kwa mkuu wa polisi wa wilaya (OCD) na kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, yanapanda kwa kamanda wa polisi wa mkoa (RPC) na kamati ya mkoa, halafu makao makuu kwa msajili wa silaha. Kila ngazi inaweza kurudisha. Yanayorudisha maombi mara nyingi ni madogo: jina la NIDA ni tofauti na la kwenye barua ya mirathi; sababu imeandikwa "ulinzi" basi, bila kutaja shamba liko wapi, lina ekari ngapi na limeharibiwa na nini; hakuna mahali salama pa kutunzia. Kubwa ni lile la kijijini kwenyewe. Kamati inakujua. Kama unasifika kwa pombe au mke wako aliwahi kufika kwa balozi na jicho limevimba, hapo ndipo safari inapoishia, na binafsi naona ndiyo ngazi yenye kazi ya maana kuliko zote zinazofuata.

Ukipewa, gharama haziishii kwenye bunduki. Kuna mafunzo ya kulenga na cheti chake, kuna ada ya leseni ya kila mwaka, kuna sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, na risasi zikae kwenye kisanduku kingine chenye ufunguo wake. Ukinyimwa au ukighairi, msimamizi wa mirathi anaomba kibali cha kuiuza kwa muuzaji mwenye leseni au kwa mtu aliyekwisha kupewa kibali cha kununua, na pesa zinaingia kwenye mgao wa warithi.

Kabla hujaingia gharama hizo, tuulize: itakusaidia shambani?

Nguruwe pori huja usiku, kwa familia, na pua yake inakusikia kabla wewe hujamsikia. Shotigani ya geji 12 yenye marisau madogo, yaani chembe za risasi zinazotawanyika, inafaa kwa ndege mpaka mita 35 hivi. Kwa nguruwe inampasua ngozi tu akakimbia na kidonda. Marisau makubwa yanaua, lakini kwa tochi, kwenye mahindi marefu, utamwona akiwa mita 15 au 20 na utapata nafasi ya kupiga mara moja. Aliyejeruhiwa anarudi na meno. Halafu fikiria wapi yale marisau mengine yanaenda. Wakati wa mavuno shamba la jirani lina dungu, na kwenye dungu kuna mtu. Risasi moja ya raifo ndogo ya .22, ambayo watu huidharau, huenda zaidi ya kilomita moja isipozuiwa na kitu. Mkulima anayepiga gizani anauona mwanga wa macho. Kilicho nyuma ya macho hakioni.

Na kuna simba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu watu wasiopungua 563 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990, na 308 waliojeruhiwa, wengi wao katika wilaya za kusini na pwani, Lindi ikiwemo. Mashambulizi yalikuwa yakipanda wakati wa mavuno, Machi hadi Mei. Sababu waliyoiona watafiti ni huyu huyu nguruwe: anafuata mazao, simba anamfuata nguruwe, na mkulima amelala katikati yao kwenye dungu la fito. Ukichukulia kwamba bunduki inakupa ujasiri wa kulala shambani peke yako, basi imekusogeza karibu na simba. Alinde mwenye bunduki au asiyenayo, kulinda kwa zamu za watu watatu au wanne, wenye tochi kali na mbwa, na kulala mahali penye kuta, kunaokoa watu wengi zaidi.

Kwa nguruwe wekeza chini. Mabega yake huwa kati ya sentimita 55 na 100 kutoka ardhini, na hapendi kuruka. Anasukuma na kuchimba. Wigo wa fito au matete ambao ni imara juu na mwepesi chini ni kazi bure. Nguvu iwe kwenye sentimita 80 za kwanza, fito zifungwe karibu karibu na zizikwe kidogo. Fyekeni vichaka vinavyogusa shamba, kwa sababu mchana hulala humo. Pandeni kwa wakati mmoja na majirani na kwa kupakana, maana shamba moja lililochelewa kuvunwa katikati ya pori hubeba nguruwe wa kijiji kizima. Mikorosho iliyoachwa bila kupogolewa, matawi yamegusa chini, nayo ni nyumba yao.

Kwa tembo, shotigani na gobore viondoe kabisa akilini. Askari wa wanyamapori hubeba raifo ya .458 kwa sababu, na hata wao hupiga kama njia zimeisha. Marisau yanamuudhi tembo tu. Aliyejeruhiwa anakuwa hatari kwa mtu wa kwanza atakayekutana naye kesho yake njiani, na huyo huenda akawa mwanafunzi. Kinachofanya kazi ni kamba ya katani iliyozungushwa kwenye nguzo kila baada ya mita 10 hivi, yenye vitambaa vilivyolowekwa kwenye oili chafu iliyochanganywa na pilipili kali ya kusaga. Kinachoiharibu ni uvivu: mvua ikipita, au wiki tatu zikiisha, harufu imekwisha na tembo ameshajua. Mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba imewafaa wakulima wa Kenya, ila ina maana tu ikiwa na nyuki ndani. Uharibifu ukitokea, usiondoe mabua. Piga picha, ita mtendaji na Afisa Wanyamapori wa wilaya siku hiyo hiyo, kwani kifuta jasho, yaani malipo ya Serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, huombwa kwa fomu na tathmini ya ekari, na ekari zilizokwisha kulimwa upya hazipimiki.

Jambo ambalo vijana hulipuuza: hata ukiua mnyama kihalali kwa kujihami, tukio linaripotiwa, na nyama, ngozi na meno ni nyara za Serikali. Mtu mwenye leseni safi ya bunduki anaweza kwenda jela kwa sababu ya mguu wa swala ndani ya sufuria.

Wezi wa msimu wa korosho ni hoja nzito zaidi kuliko nguruwe, na siidharau. Kituo cha polisi kinaweza kuwa mbali, barabara ya masika inajulikana ilivyo, na Kanuni ya Adhabu inakupa haki ya kujihami kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Lakini tazama hesabu ya ndani ya nyumba. Bunduki iliyotunzwa kama sheria inavyotaka iko ndani ya chuma, haina risasi, na risasi ziko kwenye kufuli jingine. Watu watano wenye mapanga wakivunja mlango saa nane usiku, huna dakika hizo. Bunduki iliyo tayari kwa dakika hizo ni ile iliyojaa risasi chini ya godoro, na hiyo inafikiwa na mtoto wa miaka sita, na mtu mwenye hasira, na mtu aliyekata tamaa ya maisha, kila siku ya mwaka, hata miezi isiyo na korosho. Tena ikijulikana kwamba unayo, unakuwa na kitu cha pili cha kuibiwa. Malipo ya korosho yanapita chama cha ushirika cha msingi (AMCOS) na kuingia akaunti ya benki. Mkulima anayetoa milioni nne kwa siku moja na kuzipakia kwenye mfuko wa rambo mbele ya foleni nzima amejitangaza mwenyewe. Toa kidogo kidogo, lipa pembejeo na ada kwa simu, na mshawishi mwenyekiti afufue ulinzi wa zamu angalau kwa ile miezi ya minada.

Kuhusu Marekani nitasema machache, kwa sababu mazingira yao si yetu. Wao wana Ibara ya Pili ya mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1791, na Mahakama ya Juu yao ilithibitisha mwaka 2008 kwamba inampa mtu binafsi haki ya kuwa na silaha. Katiba yetu haina kitu hicho. Ibara ya 14 inasema kila mtu ana haki ya kuishi "na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria". Hifadhi imewekwa mikononi mwa jamii. Makadirio ya shirika la utafiti la Small Arms Survey kwa mwaka 2017 yalikuwa bunduki 120 mikononi mwa raia kwa kila Wamarekani 100. Msumbiji nne na nusu, na sisi chini ya moja. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi Marekani, na zaidi ya nusu, 26,328, walijiua wenyewe. Watetezi wa bunduki hupenda kutaja Uswisi, yenye bunduki nyingi majumbani na mauaji machache, na wana haki ya kuitaja. Ila Uswisi ina daftari, mafunzo ya jeshi na polisi wanaofika. Ukiondoa hayo matatu ukabaki na bunduki tu, hujapata Uswisi.

Kwa hiyo jibu langu kwa "kwa nini wasilegeze" ni kwamba wasilegeze kigezo cha nani apewe. Walegeze dirisha la kusalimisha silaha, lisiwe mbali na mtu. Mkulima wa Liwale mwenye gobore la babu yake leo ana njia mbili: alifiche, au ajitokeze na kuhofia kesi ya miaka 20. Sheria kali yenye mlango wa miezi miwili huzalisha magobore yaliyofichwa, na gobore lililofichwa halina namba wala mwenyewe.

Majirani zetu wa Msumbiji walijaribu njia nyingine. Vita vyao vilikwisha Oktoba 1992, nchi imejaa silaha. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji lilianza kupokea bunduki na kutoa baiskeli, cherehani na majembe badala yake, bila kumuuliza mtu ameipata wapi. Silaha zilikatwakatwa, na vipande vingine vikawa sanamu; kiti kimoja kilichoundwa kwa bunduki hizo kiko makumbusho ya British Museum, London. Kilichowafanya watu walete si baiskeli peke yake. Ni kuona chuma kinakatwa. Kwa upande wa pili, Afrika Kusini kanali mmoja wa polisi alifungwa mwaka 2016 kwa kuyauzia magenge bunduki zipatazo 2,000 ambazo raia walizisalimisha au zilikamatwa ili ziharibiwe. Anayedai wananchi wasalimishe silaha lazima akubali nao kudai kuona zinavyoteketezwa, hadharani, kwa namba.

Na kwa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Nyerere na Pori la Akiba la Selous, kuna njia ya kati ambayo inazungumzwa kidogo mno: bunduki ya jumuiya badala ya bunduki ya kila kaya. Askari wanyamapori wa vijiji, kama wale wa Jumuiya ya Magingo huko Liwale, wanachaguliwa na kijiji, wanafunzwa, na silaha zao zinasimamiwa kwa daftari. Bunduki moja mikononi mwa watu watatu waliofundishwa inafanya kazi kuliko shotigani kumi zenye kutu, na kamati inaweza kuihesabu kila jioni. Kama kijiji chenu hakina, hilo ndilo ombi la kupeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kwa mbunge usiende na ombi la kulegeza leseni.

Zimebaki zile risasi saba. Watu huzitupa chooni, huzizika au huzichoma pamoja na takataka ili "zisiwe kesi". Ya kuchoma yanajulikana, ganda linaruka na kutoboa jicho. Ya kuzika na kutupa yanakuacha na idadi isiyolingana na kitabu cha marehemu, kwa sababu risasi alizonunua baba zimeandikwa humo. Kumiliki risasi bila leseni ni kosa linalojitegemea, hata bunduki ikiwa imekwisha kukabidhiwa. Ziache ndani ya kopo kama zilivyo, hata zilizovimba au zenye kijani kwenye shaba, ziondoke na askari wale wale siku ile ile, na kwenye hati ya makabidhiano hakikisha zimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno: 7, saba.